Omeprazole ya Muda Mrefu na Upungufu wa Magnesiamu: Mwongozo Kamili wa Kugundua, Kupima na Kurekebisha

Misuli ya miguu inakaza usiku, vidole vinakufa ganzi, moyo unadunda na kuruka. Mgonjwa anapimwa malaria, sukari na presha, anakutwa mzima. Akipimwa damu zaidi, potasiamu au kalsiamu iko chini, anapewa vidonge vyake, na wiki mbili baadaye anarudi vilevile. Kwenye mfuko wake kuna pakiti ya omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, anayomeza kila asubuhi kwa mwaka wa nne sasa. Hakuna aliyemuuliza habari zake, na yeye mwenyewe haihesabu kuwa dawa. Ni "ya tumbo tu".

Mwongozo huu ni kwa mtu wa namna hiyo, kwa ndugu anayemhudumia, na kwa mhudumu wa afya atakayempokea. Jambo kubwa la kushika tangu mwanzo ni hili: potasiamu na kalsiamu hazitapanda na kukaa mpaka magnesiamu irekebishwe, na magnesiamu nayo mara nyingi haitakaa mpaka dawa inayoiangusha iondolewe. Ukianzia katikati ya mnyororo huu unajaza mtungi uliotoboka.

Kwa nini dawa ya tumbo inagusa misuli na moyo

Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25 za magnesiamu. Zaidi ya nusu iko kwenye mifupa, nyingine kwenye misuli na viungo laini, na isiyofikia asilimia 1 ndiyo inayozunguka kwenye damu. Magnesiamu ya chakula hufyonzwa kwenye utumbo, na sehemu ya kazi hiyo hufanywa na vijilango maalumu vinavyoitwa TRPM6 na TRPM7. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba dawa za kundi la omeprazole hubadilisha hali ya asidi ndani ya utumbo na vijilango hivyo vikalegea. Figo zikiona upungufu hubana, hazimwagi magnesiamu kwenye mkojo, na kwa watu wengi hilo linatosha. Kwa wengine halitoshi, hasa figo zenyewe zikiwa zimechoka au zikisukumwa na dawa za kukojosha.

Magnesiamu ikishuka sana, mambo mawili hufuata. Figo huanza kupoteza potasiamu. Na zile tezi ndogo nne za shingoni zinazosimamia kalsiamu hushindwa kutoa homoni yake inavyotakiwa, hivyo kalsiamu nayo inashuka. Ndiyo maana mgonjwa mmoja hukutwa na madini matatu yako chini kwa pamoja.

Omeprazole iliingia sokoni mwaka 1988. Taarifa ya kwanza ya wagonjwa wawili walioanguka magnesiamu kwa sababu yake ilichapishwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 2006 tu, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikatoa tahadhari rasmi tarehe 2 Machi 2011. Katika visa walivyovichambua, takriban robo havikupona kwa kuongezewa magnesiamu pekee. Ilibidi dawa ya tumbo isimamishwe.

Hatua ya 1: Hakikisha unachomeza ni nini, na tangu lini

Toa dawa zote mezani, pamoja na zile za kununua bila cheti. Soma maandishi madogo, si jina kubwa la mbele. Kundi linalohusika lina majina yanayoishia na -prazole: omeprazole, esomeprazole, lansoprazole, pantoprazole, rabeprazole, dexlansoprazole. Famotidine na cimetidine ni kundi jingine na hazina tatizo hili.

Angalia sana vidonge vya mchanganyiko. Rabeprazole au pantoprazole pamoja na domperidone, dawa ya kichefuchefu, hupatikana kwenye kapsuli moja, na jina la biashara halisemi. Mchanganyiko huo una hatari ya ziada: domperidone yenyewe huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na magnesiamu ikiwa chini hatari hiyo inakua.

Kisha hesabu miezi. Chini ya miezi mitatu, tafuta sababu nyingine kwanza. Zaidi ya mwaka mmoja, dawa hii iwe mshukiwa wa mbele. Kama uliisimamisha na kuirudia, andika tarehe, kwa sababu mtu aliyewahi kushuka hushuka tena haraka anaporudia.

Andika pia kwa nini ulianzishiwa. Wengi walipewa siku 14 pamoja na amoxicillin na clarithromycin kutibu bakteria wa vidonda vya tumbo. Antibayotiki zikaisha, omeprazole ikaendelea kununuliwa kwa sababu kila ilipoachwa kiungulia kilirudi kwa kishindo. Kurudi huko kuna maelezo yake, tutayafikia.

Hatua ya 2: Nani apime hata kama hajisikii vibaya

Upungufu huu unaweza kukaa kimya kwa muda mrefu. Asisubiri dalili mtu anayetumia dawa hizi kwa muda mrefu na ambaye pia:

- anameza dawa za kukojosha kama hydrochlorothiazide au furosemide (tazama vidonge vya presha, nyingi zina hydrochlorothiazide ndani);
- anatumia digoxin, dawa ya moyo, kwa kuwa magnesiamu ikishuka digoxin inageuka sumu kwa kipimo kilekile cha kila siku;
- ana kisukari, anaharisha mara kwa mara, au anakunywa pombe sana;
- ametibiwa kwa cisplatin (ya saratani), amphotericin B (ya fangasi) au sindano za antibayotiki za gentamicin na amikacin, au anatumia tacrolimus au ciclosporin (za kushusha kinga ya mwili).

Umri mkubwa unaongeza uzito kwenye kila mstari hapo juu. Bibi mwenye miaka 75, presha, kisukari na omeprazole ya miaka mitano anastahili kupimwa wiki hii.

Hatua ya 3: Dalili, na zipi ni za kukimbilia hospitali

Mwanzoni ni mambo ya kawaida yanayopuuzwa: uchovu, hamu ya chakula kupotea, kope kucheza, mkakamao wa misuli ya ndama usiku, ganzi kuzunguka mdomo na kwenye ncha za vidole. Yakizidi, mikono inatetemeka na vidole vinajikunja vyenyewe.

Mhudumu anaweza kuthibitisha kwa kutumia mashine ya presha. Funga mkanda mkononi, jaza hewa mpaka uvuke presha ya juu ya mgonjwa kwa 20, acha dakika 3. Kalsiamu na magnesiamu zikiwa chini, kiganja hukunjika kwenye kifundo, kidole gumba huingia ndani, na vidole vingine hunyooka vikiwa vimebanana, kama mkono wa mkunga unavyoingia kumsaidia mama. Achia hewa, vitalegea. Kipimo hiki kisipoonyesha kitu hakimwondolei mtu shaka.

Usisubiri majibu ya maabara kama kuna degedege, kuzimia, kuchanganyikiwa, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au pumzi kubanwa kwa misuli ya koo kukaza. Mpeleke hospitali yenye mashine ya ECG, inayopima umeme wa moyo, na ubebe dawa zake zote.

Hatua ya 4: Kipimo, na mahali kinapoharibika

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mgonjwa anaambiwa "madini yako sawa" wakati magnesiamu haikupimwa kabisa. Kipimo cha kawaida cha chumvi za damu kina sodiamu, potasiamu na kloridi. Magnesiamu huombwa kwa jina lake. Omba kwa pamoja magnesiamu, potasiamu, kalsiamu, albumini (protini ya damu) na kreatinini (kipimo cha figo). Bila kreatinini huwezi kujua kama figo zitabeba matibabu.

Soma vizio kabla ya kusoma namba. Kiwango cha kawaida ni takriban 0.7 hadi 1.0 mmol/L, sawa na 1.7 hadi 2.4 mg/dL. Kubadilisha, zidisha mmol/L kwa 2.43. Majibu ya 0.52 mmol/L ni 1.26 mg/dL. Mtu akisoma 1.26 akidhani ni mmol/L atasema magnesiamu imezidi, na mgonjwa wa upungufu atarudishwa nyumbani.

Chupa nayo ina maneno. Damu ya magnesiamu iwekwe kwenye chupa ya siramu, yenye kifuniko chekundu au cha njano, au ya kijani yenye lithium heparin. Ikiingia kwenye chupa ya zambarau yenye EDTA, kemikali hiyo hushika magnesiamu na kalsiamu na majibu yanatoka ya chini kwa uongo. Kinyume chake, damu ikivutwa kwa nguvu na chembe zikapasuka, magnesiamu iliyokuwa ndani ya chembe humwagika na majibu yanapanda kwa uongo. Maabara ikiandika kwamba sampuli imepasuka chembe, rudia. Usijifariji na namba nzuri ya sampuli mbovu.

Tena, kwa kuwa damu inabeba sehemu ndogo mno ya magnesiamu yote, mtu anaweza kuwa na 0.72 na bado ghala la mwili liko nusu. Mwenye dalili wazi, potasiamu isiyopanda na miaka mingi ya omeprazole asiachiwe aende kwa sababu ya namba iliyogusa mstari wa chini.

Kama kuna shaka kwamba figo ndizo zinazomwaga, pima magnesiamu na kreatinini kwenye mkojo wa mara moja, siku ileile ya damu. Hesabu ni hii: magnesiamu ya mkojo mara kreatinini ya damu, gawanya kwa (0.7 × magnesiamu ya damu × kreatinini ya mkojo), kisha zidisha kwa 100. Mfano: magnesiamu ya mkojo 0.3 na ya damu 0.45 mmol/L, kreatinini ya damu 80 na ya mkojo 8000 µmol/L. Unapata 24 ÷ 2520, yaani karibu asilimia 1. Ikiwa chini ya asilimia 2, figo zinabana ipasavyo na hasara iko tumboni, picha inayolingana na omeprazole. Ikivuka asilimia 4, figo zinavuja. Angalia dawa za kukojosha na nyingine nilizotaja. Mgonjwa anayetumia omeprazole na hydrochlorothiazide kwa pamoja anaweza kuwa na matatizo yote mawili.

Hatua ya 5: Kurudisha magnesiamu

Kwa mwenye dalili nyepesi au asiye na dalili, vidonge vinatosha kuanzia. Tatizo ni lebo. "Magnesium oxide 400 mg" ni uzito wa chumvi nzima. Magnesiamu yenyewe ndani yake ni takriban miligramu 240, tena oxide hufyonzwa kidogo na kuharisha sana. Citrate ina takriban asilimia 16 tu ya magnesiamu kwa uzito, lakini inafyonzwa vizuri zaidi. Kwa hiyo linganisha miligramu za magnesiamu halisi, si za chumvi. Kwa upungufu uliothibitishwa, daktari aghalabu huandika jumla ya miligramu 400 hadi 600 za magnesiamu halisi kwa siku, zikigawanywa mara mbili au tatu pamoja na chakula. Ukimeza zote kwa mkupuo utaharisha, na kuharisha kunatoa magnesiamu uliyoilipia. Kinyesi kikilegea, punguza kipimo badala ya kuvumilia.

Mwenye figo zilizodhoofika sana (uchujaji wa figo, eGFR, chini ya mililita 30 kwa dakika) asijaribu haya nyumbani hata kidogo. Kwake magnesiamu hujikusanya, na ikizidi inalegeza misuli ya kupumulia.

Tenganisha saa na dawa nyingine. Magnesiamu hushikana na dawa tumboni na kuzizuia kuingia. Anayetumia ARV zenye dolutegravir, kama kidonge cha TLD, ameze ARV saa 2 kabla ya magnesiamu au saa 6 baada yake. Hili lisichukuliwe kijuujuu, maana virusi vinaweza kupanda kwa sababu ya kidonge cha madini. Ciprofloxacin ina masharti hayohayo. Levothyroxine, dawa ya tezi ya shingo, iachane nayo kwa saa 4. Ratiba rahisi kwa wengi: TLD alfajiri, magnesiamu mchana na usiku.

Kwa wahudumu: mgonjwa mwenye dalili kali, au aliye chini ya 0.4 hadi 0.5 mmol/L, anahitaji magnesium sulphate ya mshipa, ileile iliyopo wodi ya wazazi. Usichukue kipimo cha kifafa cha mimba. Kule mama huanza na gramu 14 kwa njia mbili kwa lengo jingine. Hapa ni gramu 1 hadi 2 iliyochanganywa kwenye maji, kwa dakika 5 hadi 60 kulingana na hali, kisha gramu 4 hadi 8 zikitiririka polepole kwa saa 12 hadi 24 kama figo ni nzima. Ampuli zinatofautiana, nyingine gramu 1 na nyingine gramu 5, hivyo isome kabla ya kuvunja shingo. Ya asilimia 50 lazima ipunguzwe iwe asilimia 20 au chini yake kabla ya kuingia mshipani. Polepole ni muhimu kwa sababu nyingine pia: ikiingia kwa kasi, figo huona damu imejaa na kumwaga hadi nusu yake. Pima mshtuko wa goti, pumzi na mkojo, na calcium gluconate iwe karibu na kitanda.

Hatua ya 6: Kuondoa omeprazole bila kumchoma mtu

Kwanza uliza kama inaondoleka. Aliyewahi kutoka damu kwenye kidonda, mwenye kuta za umio zilizoharibika vibaya au zilizobadilika kwa asidi, anayetumia aspirini pamoja na clopidogrel, au mzee anayelazimika kutumia diclofenac au ibuprofen kila siku, asiache bila daktari kupanga. Kwa huyu, hatari ya kutoka damu inaweza kuzidi hatari ya magnesiamu. Pengine ataendelea na dozi ndogo, akiongezewa magnesiamu na kupimwa damu mara kwa mara. Kumhamisha kutoka omeprazole kwenda esomeprazole si suluhisho. Ni kundi lilelile.

Kwa waliobaki, shida ni ule mrejesho wa asidi. Tumbo lililozuiwa kwa miezi hujiandaa kutoa asidi nyingi zaidi, na dawa ikiondoka ghafla inafoka kwa wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi. Jaribio moja lililochapishwa 2009 liliwapa watu wazima wasio na ugonjwa wowote wa tumbo esomeprazole kwa wiki 8. Walipoacha, asilimia 44 walipata kiungulia au dalili za asidi, dhidi ya asilimia 15 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Kiungulia cha wiki ya pili baada ya kuacha, basi, si ushahidi kwamba vidonda vimerudi.

Ratiba inayofaa wengi: kama ni miligramu 40, shuka hadi 20 kwa wiki mbili, kisha 20 siku moja ndiyo siku moja hapana kwa wiki mbili, kisha acha. Usisage punje zilizo ndani ya kapsuli. Zimefunikwa ili zivuke tumbo salama, na ukizisaga asidi inaiharibu dawa. Kwenye wiki ngumu tumia famotidine miligramu 20 jioni (mwenye figo mbovu apunguziwe), au dawa ya alginate baada ya chakula. Famotidine ikitumiwa kila siku hupungua nguvu baada ya wiki chache, hivyo itunzie siku mbaya. Na kama magnesiamu imeshuka kiasi cha hatari, hakuna kushuka polepole: dawa inasimama siku hiyohiyo hospitalini.

Kitanda nacho ni sehemu ya tiba. Inua miguu ya kitanda ya upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20, matofali mawili yanatosha. Mito mingi haifai, inakunja tumbo na kulibana. Lalia ubavu wa kushoto, na mlo wa mwisho uwe saa 3 kabla ya kulala.

Kama ulianzishiwa kwa ajili ya vidonda, hakikisha bakteria wameisha. Tumia kipimo cha kinyesi cha antijeni au cha pumzi, ukiwa umeacha omeprazole wiki 2 na antibayotiki wiki 4, la sivyo majibu hutoka hasi kwa uongo. Kile cha haraka cha tone la damu kinaonyesha kingamwili zinazobaki muda mrefu baada ya kupona, na watu wengi wametibiwa mara tatu kwa bakteria waliokwisha kufa.

Hatua ya 7: Chakula

Chakula hakishindi omeprazole, lakini kinajaza ghala baada ya dawa kuondoka. Mwanamume anahitaji takriban miligramu 400 kwa siku, mwanamke 310 hadi 320. Konzi moja ya mbegu za maboga, gramu 28, ina karibu 150; korosho kiasi hichohicho karibu 75; karanga karibu 50. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 75, na cha mchicha uliopikwa kama 70, mradi usimwage maji uliyouchemshia, kwa sababu madini yamehamia humo. Dona ina magnesiamu nyingi kuliko sembe, kwa kuwa ukoboaji unaondoa kiini na pumba vilikokaa madini.

Hatua ya 8: Kupima tena

Baada ya kuacha dawa, magnesiamu ya damu kwa kawaida hurudi ndani ya wiki moja hivi. Rudia kipimo siku ya 7 hadi 14. Kisha pima tena mwezi mmoja baada ya kuacha vidonge vya magnesiamu, kwani hapo ndipo utajua kama inakaa yenyewe. Ikiwa bado inashuka na mgonjwa anaapa ameacha, kagua pakiti upya. Mara nyingi kuna kapsuli nyingine ya tumbo iliyonunuliwa duka la dawa kwa jina tofauti. Ikiwa hakuna, rudi kwenye kipimo cha mkojo.

Anayelazimika kuendelea na dawa hizi kwa muda mrefu apime kabla ya kuanza, kisha angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi akiongezewa dawa ya kukojosha au digoxin.

Mwisho, kwenye ukurasa wa mbele wa daftari la kliniki, pale panapoandikwa mzio wa dawa, andika kwa kalamu nyekundu: "Magnesiamu ilishuka kwa omeprazole, asipewe dawa za -prazole bila kupima magnesiamu." Katika visa vilivyochambuliwa na FDA, waliorudishiwa dawa hizi walishuka tena ndani ya wiki 2 kwa wastani, na anayeirudisha kwa kawaida ni mhudumu mwingine, kituo kingine, usiku, mgonjwa akiwa anaumwa tumbo na hakumbuki jina la dawa.